Nusu ya Mlango wa Mama

Jumatatu, 3 Machi

Benki yetu imeuzwa. Tangazo limebandikwa mlangoni. Karatasi moja, makosa mawili ya chapa. Nimeyasahihisha kwa penseli kabla sijaelewa ninachosoma. Mazoea. Mtu aliyesahihisha prufu za kiwanda cha uchapaji tangu ujana hawezi kuacha kwa sababu tu amestaafu.

Wanunuzi wanatoka mbali, upande wa nchi ambao hakuna hata mmoja wetu benchini aliyewahi kuufikia. Tumewaita Wageni, ingawa ukifikiri vizuri wageni ni sisi. Benki ni ya mji wetu wa nyumbani, kule nyuma ya milima. Huku ina tawi moja tu, lililofunguliwa kwa ajili yetu tuliohama: wengine tulifuata kazi, wengine walikimbia mafuriko, wengine walikuja pale barabara kuu ilipopitishwa juu ya mtaa wetu na mtaa ukawa lami. Tawi lina madirisha mawili, benchi refu na ukuta.

Ukuta ndio unaotuleta. Tawi lilipofunguliwa, benki ilimwita mchoraji. Kila aliyefungua akaunti alimtajia kitu kimoja cha nyumbani, naye akakichora. Mchoraji mwenyewe hajawahi kukanyaga kwetu. Mji mzima aliujenga kwa midomo yetu. Ndiyo maana una madaraja mawili, wakati daraja lilikuwa moja, na mto unapanda kilima.

Mimi nilitoa mlango wa mama. Wa buluu, na jiwe la kukalia kando yake. Mchoraji alikosea ubao mmoja wa chini, akauacha mweupe. Nimemsamehe. Nisichosamehe ni kwamba nusu ya mlango imefunikwa na turubai jekundu la kibanda cha cherehani. Kibanda cha nani? Cha Fundi. Fundi huyuhuyu anayekaa mwisho wa benchi na kuwatangazia watu kwamba suruali zote za maana za mji wetu zilipita mikononi mwake. Nilipoondoka nyumbani hapakuwa na kibanda chochote mbele ya mlango wetu. Kajipenyeza. Hatusemeshani tangu rangi ilipokauka. Akiwa na neno kwangu humwambia Mama Dirisha, karani wa dirisha la kwanza, naye Mama Dirisha huniambia mimi, na sote watatu tumekaribiana kiasi cha kusikiana pumzi.

Leo benchi zima ni wasiwasi. Mama Dirisha hajawahi kumdai mtu kitambulisho. Huuliza wewe ni mtoto wa nani, ukijibu imetosha. Je, Wageni watajua nani ni mtoto wa nani? Fundi kasema, kupitia kwa Mama Dirisha, kwamba sasa mkopo wa mtu wa kwetu utaamuliwa na mtu asiyejua kama kwao ni juu ya daraja au chini ya daraja. Watu wakaguna.

Nami nikaguna. Lakini moyoni nimepata wazo. Wageni hawajui lolote kuhusu ukuta. Ina maana wanaweza kuambiwa.

Jumanne, 4 Machi

Meneja mpya ni binti mdogo kuliko binti yangu. Anatembea na kishikwambi kifuani kama aliyebeba kichanga. Nimeshampa jina: Kishikwambi. Hakuniamkia. Alisema, "Karibu, mteja wetu mpendwa." Nikamjibu "Marahaba" hata hivyo, ili ajue alichokisahau.

Nilijitambulisha kama mwakilishi wa wateja wa zamani. Hakuna aliyenichagua, ila hakuna aliyenikataa pia. Nikamwambia ukutani pana kosa. Akauliza, ukuta gani? Jana alishinda kaupa mgongo.

Nikampeleka. Nikamwonyesha turubai. Nikamweleza kwa sauti ya kitaalamu kwamba kitu hiki hakikuwapo, kinawapotosha watu, na kinaweza kuondolewa kwa brashi ndogo, asubuhi moja tu. Akaandika. Kisha akaniuliza, kwa adabu nzuri kabisa, kama kuna makosa mengine.

Sijaulizwa swali hilo tangu nistaafu. Nilihisi nimerudishiwa kalamu yangu nyekundu. Nikamwonyesha madaraja mawili. Nikamwonyesha mto unaopanda kilima. Saa ya mnara yenye mishale mitatu. Mbuzi aliyeipita shule kwa urefu. Treni, na kwetu hakujawahi kuwa na reli. Aliyeitaja alitaka tu tuonekane tumeendelea. Kishikwambi akaandika yote. Mtoto msikivu. Mwishoni akasema maoni yangu yana thamani kubwa sana.

Nyumbani nilimaliza mkate. Binti yangu akauliza kulikoni. Nikasema si kitu, ni afya tu.

Alhamisi, 6 Machi

Ukuta wote utapakwa rangi!

Tangazo jipya halina kosa hata moja la chapa, na hilo limeniuma zaidi. Linasema kwamba kufuatia malalamiko ya wateja kuhusu usahihi wa mchoro, ukuta utapakwa rangi ya kampuni mwishoni mwa mwezi. Rangi ya kampuni ni kijivu.

Benchi liliwaka moto. Nani kalalamika? Nani huyo asiyejua kukaa na watu? Nililaani kuliko wote. Nilisema mtu wa namna hiyo hana kwao. Fundi akamwambia Mama Dirisha aniulize kama ninajua kwamba yule binti huandika kila anachoambiwa na nani kamwambia. Mama Dirisha hakuniuliza. Aliniangalia tu juu ya miwani yake, kama anavyoiangalia noti iliyochanika.

Nimekaa jikoni kwa binti yangu nikijaribu kuuona mlango bila msaada wa ukuta. Buluu ilikuja. Jiwe likaja, na joto lake la mchana. Kitasa hakikuja. Kilikuwa kushoto au kulia? Nilinyoosha mkono hewani kama ninavyoingia. Mkono haukujua. Upande wa kitasa ndio uliofunikwa na turubai, na miaka yote nimekuwa nikiukumbuka mlango kwa kuutazama ukuta.

Mama hakuacha picha. Nyumba ni lami. Wakiupaka ukuta, mlango utabaki kichwani mwangu peke yake, na kichwani mwangu hauna kitasa.

Binti yangu alinikuta mkono ukiwa hewani. Akaniuliza kama nataka sukari. Nikasema ndiyo.

Ijumaa, 7 Machi

Mpango mpya. Rahisi, safi, wa kisayansi. Ukuta wenye unyevu haupakwi rangi, rangi itabambuka. Kila mtu anajua. Kinachohitajika ni unyevu.

Niliingia na chupa ya maji ndani ya koti. Mlinzi mpya wa Wageni akaizuia mlangoni, eti vimiminika. Chupa yangu ya chai hakuizuia, kwa kuwa mzee na chai yake ni kitu kimoja. Sikuwa na namna. Nilingoja watu wapungue, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu, nikaimimina chai taratibu chini ya ukuta, kuanzia kwenye daraja la kwanza hadi kwenye treni.

Kisha nikamwita Kishikwambi, nikamwonyesha. Nikasema, angalia jengo hili linavyovuja jasho. Rangi haitashika hapa kabla ya kiangazi. Aliinama akaangalia. Akanishukuru kwa kujali usalama. Akaleta kibao cha njano cha kuonya watu wasiteleze, akaamuru benchi lihamishwe.

Benchi sasa linatazama runinga. Kwenye runinga kuna kijana anayecheka na simu yake, anacheka asubuhi mpaka jioni. Wazee wa watu wamelazimishwa kuupa mgongo mji wao wenyewe. Mjane wa mwalimu alikaa akiwa amepinda shingo kuutafuta mfereji wake mwembamba, mpaka shingo ikakakamaa na mwanawe akaitwa kumchukua.

Fundi hakukaa. Alisimama mbele ya turubai lake, mikono nyuma, kama mlinzi wa kaburi. Nami nilisimama mbele ya nusu yangu.

Jumatatu, 10 Machi

Sisimizi.

Walikuwa na safu moja iliyonyooka, kutoka mlangoni hadi kwenye treni, wengine wameshaanza kupanda kilima kwa kufuata mto. Wateja wawili wa dirisha la pili waliondoka. Mfukiza dawa akaitwa. Akapiga magoti, akanusa sakafu, akasema hajawahi kuona unyevu wenye tangawizi.

Kishikwambi hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba kwa sababu za usafi kazi ya rangi haitangoja mwisho wa mwezi. Itafanyika Ijumaa. Mimi ndiye niliyeileta Ijumaa karibu.

Mama Dirisha aliniita kwenye dirisha lake kama vile nina shughuli. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mzee wangu, siku nyingine kunywa chai yako." Nikajitia hamnazo. Akaendelea. Wageni watafunga dirisha moja. Yeye watamweka mlangoni awafundishe watu kutumia simu. Yeye mwenyewe simu hupigiwa na mjukuu wake. Aliyasema huku akipanga mihuri yake kwa mstari, bila uchungu wowote sautini, nami nilishindwa pa kuweka macho.

Nikamwuliza Wageni ni watu wa namna gani hasa. Akasema ni watu wa kawaida. Hata yule binti, hana ndugu hapa mjini, amepanga chumba nyuma ya stendi, anakula mkate mkavu mezani kwake akitazama kishikwambi. Humo mna picha za kwao. Mama Dirisha ameziona zote. Amejua mpaka jina la shangazi.

Sikuona habari hiyo ina faida gani kwangu. Nimeiandika kwa ajili ya ukamilifu.

Jumatano, 12 Machi

Nimemtafuta mchoraji. Nilidhani amekufa. Yupo, nyuma ya soko, anaandika majina kwenye milango ya maduka. Macho yamemwishia. Anachora pua ikiwa karibu kugusa ukuta, kwa hiyo ncha ya pua yake ina rangi ya duka la mwisho. Leo ilikuwa kijani.

Mpango: achore mlango wa mama upya, mzima, kwenye ubao, nikautundike chumbani kwangu. Fundi abaki na kijivu chake.

Mchoraji alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema yeye ndiye aliyechukua kazi ya Ijumaa. Wageni walimtafuta mtu wa rangi, yeye akajipeleka. Nilitoa macho. Nikamwambia ni sawa na mtu kumzika mwanawe na kulipwa. Akasema, "Sasa ulitaka azikwe na nani? Asiyemjua?"

Nikanywea. Nikamwomba basi jambo dogo. Kabla hajapaka kijivu, akwangue turubai kidogo, nione tu kitasa kilikuwa upande gani, maana najua nilimweleza na najua alikichora.

Akacheka mpaka pua ya kijani ikatikisika. Chini ya turubai hapana mlango, alisema. Hapajawahi kuwa na mlango. Turubai lilitangulia. Fundi alifungua akaunti wiki moja kabla yangu, na kibanda kilishachorwa kwa mkaa wakati mimi nakuja na mlango wangu. Nilipoueleza mtaa, mchoraji akagundua ni palepale. Akaenda kumwuliza Fundi afanyeje. Fundi akamwambia auchore nyuma ya turubai, ndipo ulipokuwa.

Nikasema Fundi ni mwongo. Mchoraji akasema huenda, lakini aliujua mlango huo. "Wewe uliniambia buluu, basi. Yeye ndiye aliyeniambia ubao wa chini niuache mweupe."

Nikamwuliza kwa nini. Akasema nimwulize mwenyewe, si tunakaa benchi moja?

Nimerudi kwa miguu. Nilipita kituo cha basi nikakisahau, nikapita cha pili.

Ijumaa, 14 Machi

Tulikuja wote, kama watu wa msibani. Hatukukaa. Mchoraji alikwishatandika magazeti. Alianza na treni, na hapakuwa na aliyeisikitikia ila mwenyewe. Kisha saa, mbuzi, daraja moja, daraja la pili. Familia mbili zilizogombania daraja hadi yakachorwa mawili zilisimama pamoja. Mto ulikwenda ukipanda mpaka dakika yake ya mwisho.

Kona yetu aliiacha mwisho. Akakaa chini, akasema anapumzisha macho. Hakuwa anapumzisha kitu.

Nilimgeukia Mama Dirisha nikamwambia amwulize Fundi kuhusu ubao mweupe. Mama Dirisha akasema yeye leo ni mtu wa mlangoni, kazi ya dirisha ameshaiacha, tuulizane wenyewe. Akaondoka.

Basi nikamwuliza. Sauti ilitoka na kikohozi. Fundi hakunitazama, alilitazama turubai. Alisema alifika mtaani kwetu mwaka mmoja baada ya mimi kuondoka, hana pa kukaa, na mama ndiye aliyemwambia aweke cherehani mbele ya mlango, kwa kuwa kivuli cha turubai kingemfaa na yeye. Jiwe lake lilikuwa linapigwa na jua mchana kutwa. Tangu siku hiyo akawa anakaa chini ya turubai.

"Mwaka wa mafuriko," akasema, "maji yaliuondoa ubao wa chini. Nikakata meza yangu ya kukatia nguo, nikaweka. Sikuwa na buluu. Mama akasema uache hivyohivyo, mwanangu akirudi ataupaka mwenyewe."

Nikauliza kuhusu kitasa. Akasema kitasa kilishakatika zamani, lilibaki tundu tu, upande wa kushoto, na mama alikuwa akifunga kwa utepe wa kupimia, wa kwake yeye Fundi, uliofutika namba. Kushoto. Mkono wangu ulijua hapohapo, ukawa kama umeguswa.

Nikamwuliza mbona hakuniambia miaka yote. Akasema sikuuliza. Nilikuja siku ya kwanza nikasema kibanda chake kiondoke, yeye naye si mtu wa kuondoka. Kisha akaanza kujisifu, hawezi kujizuia. Alisema mama alimpenda kama mtoto wake. Nikamwambia alimpenda kama mpangaji. Akasema mpangaji hulipa, yeye hakulipa hata siku moja. Nikasema hilo linaonekana. Akasema mama alikuwa akikagua kila pindo analoshona, akiona uzi umekwenda kombo anamwambia, "Mwanangu angeliona hili." Kila siku ya Mungu. Kila pindo. "Nilikuchukia kabla sijakuona," akasema.

Mchoraji akauliza kama amalize. Alipaka turubai kwanza, polepole. Ikabaki nusu ya mlango peke yake, ubao mweupe chini. Kisha na hiyo.

Fundi aliniuliza kama nina chai. Nilikuwa nayo. Tulikunywa kwa kifuniko kimoja.

Jumamosi, 15 Machi

Binamu amepiga simu kutoka nyumbani. Makao makuu nako kibao kimeshabadilishwa. Anasema watu wanapanga foleni si kwa shida yoyote, wanataka tu waonwe sura, ili Wageni wazizoee. Anasema mzee mmoja alikwenda na mkewe, akamtambulisha kwa kila karani, mmoja mmoja, kama anaposa upya.

Binti yangu alisikia. Akasema, "Baba, mabasi siku hizi yanafika asubuhi na mapema. Twende hata kwa siku mbili." Husema hivyo kila mwaka, nami kila mwaka humjibu likizo ijayo, kama nilivyokuwa nikimjibu mama katika barua. Leo nilitaka kusema ndiyo. Nilifungua kinywa. Nikajiona nimesimama kando ya lami, magari yanapita, namwuliza mtu asiyenijua mlango ulikuwa usawa gani.

Nikasema ngoja kwanza mambo ya benki yatulie.

Hakunibishia. Alikuwa anaosha vikombe. Alisema mambo ya benki hayajatulia tangu azaliwe.

Baadaye nilijaribu tena hewani. Mkono ulikwenda kushoto bila kufikiri. Utepe wenye namba zilizofutika. Nikavuta. Nikasikia sauti ya cherehani ikisimama, na mtu akiuliza ni nani. Sauti ya mama naikumbuka vibaya, nimeichanganya na ya binti yangu. Lakini swali lilikuwa lake.

Jumatatu, 17 Machi

Maajabu. Nyekundu imetoka!

Nilipoingia nilikuta watu wamejazana ukutani. Kijivu chote kimekaa sawasawa, mto umekwenda, mbuzi amekwenda, madaraja yamekwenda. Ila penye turubai pamechipuka rangi ya waridi, kona kwa kona, mikunjo na yote. Mchoraji amekuja, akabandika pua, akasema nyekundu ile ya zamani ina kichwa kigumu, hupenya rangi yoyote isipowekewa ya kuzuia. Nikamwuliza mbona hakuweka ya kuzuia. Akasema macho yake, mzee mwenzangu, macho.

Buluu haikupenya. Nimechungulia pembe zote. Mlango haupo. Fundi amekaa chini ya turubai lake juu ya kiti alichoomba kwa mlinzi, anapokea pongezi kama bwana harusi. Aliponiona alisogea, akanipigia kiti kofi nami nikae. Nilikaa. Haikuwa vibaya. Kwa dakika chache nilikaa pale mama alipokuwa akikaa, kivulini, na sikuwa na mpango wowote kichwani.

Kisha Mama Dirisha akaja akinong'ona. Ameshafanya lake. Ijumaa alimwuliza Kishikwambi mshahara wake unapitia wapi. Unapitia hapahapa, tawini. Basi wewe una akaunti kwetu, Mama Dirisha akamwambia, na kila mwenye akaunti hapa hutaja kitu kimoja cha nyumbani kwake, ndio utaratibu, haukufutwa na tangazo lolote. Binti akafikiri Jumamosi yote. Leo asubuhi amesema anataka dirisha la jikoni kwa shangazi yake, lenye pazia la njano. Na mtu hawezi kuchorewa dirisha peke yake kwenye ukuta mtupu, kwa hiyo mji wote utarudishwa, mchoraji akishapata miwani. Dirisha la kwanza nalo litaendelea, kwa kuwa mchoro utahitaji mtu wa kueleza nani ni wa nani.

Nilifurahi. Naapa nilifurahi. Fundi akanishika bega. Mjane wa mwalimu akalia kidogo.

Kishikwambi akatoka ofisini. Aliniamkia, shikamoo, kwa sauti. Nikamwitikia. Akaniambia kwamba kati ya wateja wote mimi ndiye niliyeonyesha kuujua mchoro kwa undani, kwa hiyo angependa ushauri wangu kabla kazi haijaanza. Akakifungua kishikwambi. Nikamwambia mlango urudi palepale, buluu, ubao wa chini uachwe mweupe, kitasa kisiwepo. Akaandika. Nilitaka kuishia hapo.

Fundi alikuwa amemgeukia mlinzi, anamsimulia habari za suruali. Nikainama kidogo, nikamwambia Kishikwambi kwamba turubai nalo liwepo, ni haki yake kabisa, ila lisogezwe kushoto. Kiasi cha kiganja. Jambo dogo la vipimo, hakuna haja ya kumsumbua mwenyewe.

Akaandika. Akaniuliza, kwa adabu nzuri kabisa, kama kuna makosa mengine.

Nilifikiri. Nikamwambia kuna mto.